Dhahabu ya kichwani: kutoka Deira hadi Muttrah

Simulizi hii ya safari ya kutazama mapambo ya kichwani ya Ghuba, kutoka Deira, mtaa wa Dubai, hadi Muttrah, mtaa wa Maskati, imekusanywa baada ya kurudi nyumbani, kutokana na daftari na picha za simu. Nauli ni za wakati tulipopita. Bei ya gramu ya dhahabu hatukuiandika kwa makusudi: Dubai hubadilika mara kadhaa kwa siku moja, na kabla hujamaliza kusoma itakuwa imeshapitwa.

Jumapili, Deira

Kutoka uwanja wa ndege wa Dubai hadi soko la dhahabu huhitaji teksi. Panda metro njia nyekundu, shuka Union, hamia njia ya kijani, kisha shuka Al Ras au Gold Souk. Kadi ya Nol ya kulipia nauli, ile ya rangi ya fedha, ni dirhamu 25, na 19 kati ya hizo ni salio lako. Malazi ya bei nafuu yako Naif na pembezoni mwa Baniyas Square, na huko Kiswahili unakisikia dukani, kwenye lifti na kwa mawakala wa mizigo, maana ndiko wanakofikia wafanyabiashara wengi wa Kariakoo na Eastleigh.

Usifike sokoni saa saba mchana. Maduka mengi hufunga mpaka saa kumi, kisha hufunguliwa hadi usiku. Ijumaa asubuhi ndiyo usijisumbue kabisa. Tulipofika milango ilikuwa imeteremshwa, tukavuka maji kwa mashua ya abra, dirhamu moja kwenda na moja kurudi, tukanywa chai ya karak ng'ambo ya pili mpaka jua lilipopoa.

Jioni watu hujazana mbele ya pete ya Najmat Taiba, takriban kilo 64 za dhahabu ya karati 21 pamoja na vito. Piga picha yako upite. Vya maana viko kwenye madirisha ya maduka ya harusi, pale penye sanamu za vichwa vilivyovishwa. Taasa ndiyo inayoonekana kwanza: kisahani cha dhahabu kilichobinuka kidogo, kinachokaa utosini, na kutoka ukingoni mwake minyororo inashuka pande zote kuzunguka kichwa, kila mmoja ukiishia kwenye jani dogo la dhahabu linalochezacheza. Mbele minyororo huwa mifupi ili isiingie machoni. Shinafi ni ya paji la uso, vipande vidogo vilivyoungwa kwa minyororo na kushikizwa kwenye nywele. Pembeni huning'inia shaghabu, hereni kubwa zenye mkufu mdogo unaopanda na kunasa nyweleni juu ya sikio. Mkufu huo si urembo tu. Ukiukata, uzito wote unahamia kwenye tundu la sikio, na tundu hilo litachanika kabla ya karamu kwisha.

Seti kamili ya bibi harusi wa Falme za Kiarabu huteremka mpaka kifuani kwa mirtaisha, mkufu mpana wenye nyuzi ndefu, na mikononi kwa bangili zenye miiba. Hapa tunashughulika na kichwa peke yake.

Jumatatu, ghorofani

Asubuhi ilikwenda kwenye kuzunguka na kuulizwa kama tunataka saa. Mchana sonara mmoja wa Kolkata, ambaye dukani alikuwa ameleta kazi iliyokamilika, alituona tunageuza kila kipande tunachopewa, akacheka, akatuita tupande naye ngazi. Karakana ilikuwa chumba kimoja, meza tatu, mtungi wa gesi na feni. Alitupa viti, akatupa lenzi yake ya jicho, akaagiza chai. Hatukuwa wateja wake na alijua.

Kuna sababu ya kugeuza. Mbele ya taasa, mng'aro na feruzi hufunika kila kitu. Nyuma hakufunikwi. Nyuma utaona kama kisahani ni bati moja lililogongwa kwenye kalibu au ni vipande vilivyounganishwa, kama vikombe vya mawe vimelehemiwa mzunguko mzima au vimeguswa sehemu mbili tu, na kama pete ndogo za kuungia minyororo zimefungwa kwa moto au zimebanwa kwa koleo zikaachwa hivyo.

Hizo pete ndogo ndizo kitovu cha mambo. Taasa moja inaweza kuwa na mamia. Sonara alichukua waya wa dhahabu, akauzungusha kwenye msumari mwembamba mpaka ukawa kama springi, akaukata kwa msumeno wa uzi upande mmoja, zikadondoka pete zilizo wazi. Kila moja aliipitisha kwenye jirani yake, akakutanisha ncha zake mpaka mwanga usipite katikati, akapaka boraksi, chumvi inayosaidia lehemu itiririke, akaweka kipande cha lehemu kidogo kuliko chembe ya mtama, akapuliza moto. Lehemu ni dhahabu iliyochanganywa ili iyeyuke kwa joto la chini kuliko kipande chenyewe. Ikizidi, inatiririka na kuganda pete mbili zikawa kitu kimoja, na mnyororo hapo hautajikunja tena. Ikipungua, mshono unashika juu juu na kuachia siku ya kwanza utakaponaswa na mtandio. Baada ya moto kipande huwa cheusi, hutumbukizwa kwenye tindikali nyepesi yenye uvuguvugu, husuguliwa, ndipo mawe yanapowekwa.

Mawe huwa ya mwisho siku zote. Feruzi haivumilii moto: hubadilika rangi au hupasuka. Lulu nayo huungua. Kwa hiyo mnyororo ukikatika baadaye, fundi mwaminifu atakwambia lazima atoe kwanza mawe ya karibu, na atakutoza kwa hilo. Anayesema atachomea hivyo hivyo kwa dakika tano, chukua kipande chako uondoke.

Jaribio ambalo yeyote anaweza kulifanya dukani: chukua kitambaa chepesi cha hariri au shifoni, kipitishe polepole juu ya minyororo kwenda na kurudi. Kila kinaponasa, pana pete iliyo wazi au ukucha wa jiwe ulioinuka. Kikinasa sehemu moja, muuzaji arekebishe ukiwa umesimama. Kikinasa kila mahali, kazi hiyo ilifanywa kwa haraka.

Kuhusu karati: kazi hizi hufanywa zaidi kwa karati 21, alama yake 875, yaani sehemu za dhahabu kwa 1,000, na pia 22, alama 916. Karati 24 ni laini mno, minyororo ingerefuka kwa uzito wake yenyewe. Karati 18, alama 750, ni ngumu na ingefaa kifundi, lakini rangi yake imepauka na wanawake wa Ghuba wengi hawaitaki kwa harusi. Alama itafute kwenye kulabu au nyuma ya kisahani.

Hesabu ni hivi. Chukulia taasa ya gramu 120 za karati 21, bei ya siku iwe mfano dirhamu 400 kwa gramu na ujira wa fundi 30 kwa gramu. Hiyo ni 51,600. Ongeza kodi ya asilimia 5, yaani 2,580, unafika 54,180. Bei ya dhahabu haipunguzwi, imebandikwa ukutani. Kinachopunguzwa ni ujira, na hapo ndipo pa kukazania. Lakini swali la kwanza lisiwe la punguzo. Liwe hili: gramu 120 hizo ni pamoja na mawe? Feruzi na vioo vyekundu vikipimwa pamoja na dhahabu, umenunua kioo kwa bei ya dhahabu. Duka zuri huandika risiti yenye uzito wa jumla, uzito wa mawe na uzito halisi wa dhahabu, kila kimoja mstari wake.

Jumanne, Sharjah

Basi la E303 kutoka Union hadi stendi ya Jubail ni kama dirhamu 12. Umbali ni mfupi, ila barabara ya Al Ittihad haina huruma: tulikaa kwenye foleni muda ambao kwingine ungetufikisha mkoa wa pili. Nenda saa nne asubuhi, rudi kabla ya saa kumi.

Soko Kuu la Sharjah, lile lenye vigae vya buluu, liko karibu na stendi. Chini kuna dhahabu mpya inayometameta, panda juu. Juu ndiko kuna mazulia, vitu vya kale na vipande vya kichwani vilivyotoka kwenye masanduku ya watu, vingine vimekosa nusu ya minyororo yake.

Kipande cha zamani kina mitego yake. Kazi nyingi za Ghuba zilitoka kwenye mikono ya masonara wa Kihindi, iwe huko kwao au waliohamia bandarini, na katika mtindo wao jiwe hukalishwa juu ya lakiri ndani ya kikombe cha dhahabu nyembamba. Lakiri hujaza nafasi na kulishika jiwe, ila ina uzito na haina thamani. Pia hulainika kwa joto, kwa hiyo kipande kilichosahauliwa ndani ya gari kwenye jua la Ghuba hudondosha mawe. Lakiri ikizeeka hukauka na kupasuka, na hapo jiwe huanza kucheza. Ukiweka kipande karibu na sikio na kukitikisa kidogo, utasikia.

Muuzaji mmoja alitaka kutuaminisha kwa mashine ya eksirei inayosoma karati. Mashine ni ya kweli, ila husoma tabaka la juu tu. Kitu kilichochovywa dhahabu nene kinaweza kuipita. Mwambie apime mahali palipolika: ndani ya kulabu, au pale pete mbili zinaposuguana, maana msuguano wa miaka huondoa kilichochovywa na kuacha cha asili wazi. Akikataa, umeshajibiwa. Huyu alikubali, namba ikashuka vibaya, na yeye mwenyewe alionekana kushangaa.

Jirani yake, mzee wa Kipakistani, alitukaribisha mkate na dengu pembeni ya zulia lake na hakutuuzia chochote.

Jumatano, angani

Siku ya uwanja wa ndege. Anayetaka kurudishiwa kodi ya Dubai aanze kwenye kaunta ya marejesho kabla ya kukabidhi begi, kwani wanaweza kutaka kukiona kitu. Risiti iwe ya dirhamu 250 au zaidi na ununuzi usipite siku 90. Hurudishwi yote: kama asilimia 87 ya kodi, na ada ndogo hukatwa kwa kila risiti. Dhahabu na fedha taslimu zikivuka dirhamu 60,000 hutangazwa forodhani.

Alhamisi, Manama

Basi jekundu kutoka uwanja wa ndege hadi mjini lilikuwa fils 300. Dinari ya Bahrain ni nzito, fils 1,000 kwa dinari, na dinari moja inazidi dola mbili na nusu, basi usije ukaona tarakimu ndogo ukadhani ni bei ndogo. Kodi hapa ni asilimia 10, mara mbili ya Dubai.

Anza na Makumbusho ya Taifa. Kiingilio kilikuwa dinari moja, na ukumbi wa mila na desturi una bibi harusi aliyevikwa kila kitu. Mtindo wa huku ni tofauti. Hama haina kisahani cha utosini. Ni vibao vya mraba vya dhahabu, kila kimoja na feruzi au yakuti, vilivyoungwa kwa pete mpaka vikawa wavu unaofunika kichwa chote cha juu, na nyuzi zenye majani madogo zikashuka pajini na pembeni. Kubkubu ni nzito zaidi, ya kuba, yenye nyuzi ndefu za pembeni. Uzuri wa hama kifundi ni kwamba vibao vikiwa vidogo, wavu wote hujikunja kufuata umbo la kichwa chochote. Vibao vikiwa vikubwa, hama husimama kama paa la bati. Hilo utaliona haraka kwenye za kisasa: fundi anayetaka kupunguza kazi hukuza kibao na kupunguza pete.

Mchana, jengo la maduka ya dhahabu karibu na lango la Bab al Bahrain. Bibi mmoja aliyekuja na mjukuu wake kufuata hama iliyotengenezwa alitukuta tukibishana jinsi inavyokaa. Kwa Kiarabu chetu kibovu na Kiingereza cha mjukuu, alitukalisha na kutuonyesha kichwani mwa mtoto, hatua kwa hatua.

Nywele zigawanywe katikati na kusukwa mikia miwili, bila mafuta mapya. Mafuta ndiyo adui: hufanya wavu uteleze, na feruzi huyanywa ikageuka kijani. Juu ya nywele kiwekwe kitambaa chembamba cha pamba kinachobana, ili pete zisivute nywele. Hama hulazwa kuanzia utosini kwenda mbele, kamwe si kuanzia pajini kwenda nyuma, na kibao cha katikati kilingane na mstari wa pua. Kisha hushikizwa sehemu nne, mbili juu ya masikio na mbili kisogoni, kwa uzi wa hariri unaopita kwenye vikulabu na kuingia kwenye msuko. Kisogoni ndiko watu husahau. Nyuzi za mbele ni nzito kuliko za nyuma, na bila kushikizwa kisogoni hama yote husogea mbele kidogo kidogo, mpaka bibi harusi anaanza kuinua uso ili aone. Manukato na udi vitangulie, dhahabu ifuate ikiwa mwili umekauka, maana manukato hula ngozi ya lulu.

Mtoto alitikisa kichwa kwa nguvu zote. Haikusogea.

Hama ndogo kama hiyo huvaliwa na wasichana juu ya bukhnaqi, kifuniko cha kichwa kilichotariziwa, usiku wa Gergaoun katikati ya Ramadhani wanapopita nyumba hadi nyumba kuomba karanga na peremende. Nyingi za watoto siku hizi ni shaba iliyochovywa, na kwa mtoto wa miaka sita hilo ni jambo la busara. Za wakubwa hutolewa kwa sherehe ya jalwa, bibi harusi akiwa amekaa na wanawake wamemtandia kitambaa cha kijani juu ya kichwa wakikiinua na kukishusha kwa wimbo.

Chakula cha jioni machbusi, wali wa viungo na samaki, sahani moja ilitosha wawili.

Ijumaa, Muharraq

Balaliti asubuhi, tambi tamu zilizofunikwa yai, halafu njia ya lulu ya Muharraq, kilomita 3.5 kati ya nyumba za manahodha na wafanyabiashara, ambayo imo katika Urithi wa Dunia tangu 2012. Kwa anayenunua vya kichwani jambo moja linamhusu: Bahrain imepiga marufuku biashara ya lulu za kufugwa, basi lulu ya dukani hapa inatakiwa iwe ya asili na ije na cheti. Maabara huipiga eksirei; ya kufugwa huonyesha ndani dalili za kupandikizwa. Kwa macho huwezi kujua, hata ukiambiwa uisugue kwenye meno. Meno hutofautisha lulu na plastiki tu.

Jumamosi na Jumapili, Maskati

Ndege ilichelewa karibu usiku wote, bila maelezo, na asubuhi ikatukuta tunakula mandazi na chai ya maziwa katika mgahawa wa Ruwi ambao mwenyewe alizaliwa Unguja. Alikataa pesa ya chai. Nauli ya basi la Mwasalat kutoka Ruwi hadi Muttrah haifiki hata rial moja.

Oman kihistoria ni nchi ya fedha kuliko dhahabu. Masonara wa Nizwa na kwingineko waliyeyusha reale za Maria Theresa, zile zile zilizokuwa zikitumika Unguja: zote zina mwaka 1780 hata zilizopigwa baadaye sana, uzito kama gramu 28, na fedha yake ni sehemu 833 kwa 1,000. Vya kichwani vya fedha hiyo utaviona Makumbusho ya Taifa, iliyofunguliwa 2016 mkabala na kasri la Al Alam, na Bait Al Zubair jirani yake. Tazama kwa makini vile vyenye mabati madogo ya dhahabu yaliyobandikwa juu ya fedha. Ni kazi halali na nzuri, ila sokoni hutokea ikauzwa kama dhahabu tupu.

Hilo nusura limpate dada mmoja tuliyekuwa naye Muttrah. Kipande cha paji la uso, cha manjano iliyokolea, bei ya kuvutia. Mzee wa duka la pili, tulipomwamkia shikamoo, aliitikia marahaba kwa Kiswahili cha Mji Mkongwe, akakiomba, akakigeuza.

"Hii si dhahabu, mwanangu. Fedha hii. Tazama hapa kwenye kulabu, weupe unachungulia. Ukitaka kuinunua inunue, kitu kizuri, lakini mlipe ya fedha."

Akamfundisha na kuisafisha: maji vuguvugu, tone la sabuni isiyo na manukato, brashi laini ya mtoto mchanga, kwa sehemu zisizo na mawe, sehemu zenye feruzi na lulu zifutwe kwa kitambaa chenye unyevu tu. Mashine ya kusafishia kwa mitetemo isiguse kitu chenye lakiri. Kipande kikaushwe kikiwa kimelazwa, siyo kimening'inizwa.

Kusafirisha: tandaza taasa au hama juu ya kitambaa cha pamba, weka karatasi laini katikati ya kila safu ya minyororo, kisha viringisha kuanzia nyuma kwenda mbele. Ukiikunja katikati, minyororo itafungana na utakaa usiku kucha na sindano ukiitatua. Shaghabu zifungwe mbali, miiba yake hukwaruza. Kila kitu kiende begi la mkononi. Kwenye ukaguzi omba wakifungue katika chumba cha pembeni. Maofisa wa Maskati walikubali bila shida na mmoja wao, mwanamke, aliuliza bei ya ujira Deira.

Unapotua Unguja au Dar, itangaze forodhani na uwe na risiti ya kila duka, yenye karati na uzito halisi. Aliyetoka hapa amevaa dhahabu yake mwenyewe apige picha na kubeba risiti ya zamani kabla ya kusafiri. Bila hivyo, wakati wa kurudi utaulizwa uthibitishe kwamba hukuinunua huko, na foleni nyuma yako haitakuvumilia.